Zeze Kwenye Rafu ya Amapiano: Kisa cha Nyimbo Saba za Chamwino

"Mwanangu, hawa watu wa kwenye simu, kwani waliambiwa wanakuja kusikiliza nini?"

Aliyeniuliza ni mzee mpiga zeze, jioni, uani kwake Chamwino. Zeze kaliegemeza kwenye mguu wa kiti, na mjukuu wake kamshikia simu usoni. Kwenye kioo kulikuwa na wimbo wake, wa kwanza kabisa kuwekwa mtandaoni, na chini yake maoni mawili. Mmoja ameandika, "Biti iko wapi?" Wa pili analalamika kwamba amemalizia bando bure. Mzee hakukasirika. Alitaka kuelewa tu, kwa sababu tangu ujana wake hajawahi kupiga zeze mbele ya mtu ambaye hakuja kusikiliza zeze.

Siku hiyo sikuwa na jibu. Nilirudi mjini nikafungua akaunti ya kikundi, nikapitia kila kisanduku kilichojazwa wakati nyimbo zinapandishwa, na jibu nikalikuta kwenye neno moja. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu najua vikundi vya Bahi, Mpwapwa, Kongwa na hapa hapa Dodoma mjini ambavyo vinajiandaa kupita njia hiyohiyo. Muziki wao ni mzuri mno kupotea kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Nina studio ndogo Chang'ombe, hapa Dodoma. Narekodi kwaya, vikundi vya ngoma na vijana wa bongo fleva. Kikundi cha mzee kilikuja kwangu kikiwa na nyimbo saba, na ukizisikiliza zote kwa mpigo unaona mara moja kwamba hazikai chungu kimoja. Mbili ni za zeze na ilimba (ile ala ya vijiti vya chuma vya vidole gumba) kwa pamoja, sauti ya mzee ikiongoza na wenzake wakimpokea. Moja ni ilimba peke yake, hakuna anayeimba. Moja ni nindo, sauti za wanaume tupu zikipandana. Moja ni muheme, ngoma ya akina mama. Moja ni wimbo wa kanisani kwa Kigogo, maana nusu ya kikundi ni wanakwaya. Ya saba ni ya mjukuu mwenyewe: anachana kwa Kiswahili juu ya zeze la babu yake, na kwa kweli ameichana vizuri.

Nilirekodi, nikachanganya, nikamkabidhi kijana huyo, mjukuu, mafaili kwenye flashi. Hapo ndipo nami nilipokosea. Sikumpa hata karatasi moja inayosema wimbo upi ni nini, nani anapiga nini, lugha gani. Nilidhani atajua. Yeye alilipia ada ya msambazaji, kampuni inayopandisha nyimbo kwenye majukwaa, kwa fedha zake za bumu, akakaa hosteli usiku na simu, akaanza kujaza fomu. Fomu inauliza jina la msanii, jina la wimbo, lugha, aina kuu ya muziki, aina ya pili. Akachagua "Amapiano" kuwa aina kuu na "Afrobeats" kuwa ya pili, lugha akaweka Kiswahili, kisha akabonyeza kitufe cha kunakili taarifa hizo kwa nyimbo zote saba.

Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kuficha: "Kaka, huko ndiko watu waliko."

Siwezi kumlaumu kijana kwa fikra hiyo. Ni fikra ya mfanyabiashara anayetaka kibanda karibu na stendi. Lakini stendi ina watu wa kila namna, na anayepita stendi macho yake yako kwenye basi. Msikilizaji aliyefungua orodha ya amapiano ana hamu ya kitu kimoja anachokijua: ule mwendo wa taratibu, besi inayopiga kama mlango wa mbao, piano juu yake. Amapiano ilizaliwa vitongojini mwa Afrika Kusini na ina masikio yake yaliyozoeshwa. Ukimtumbukizia mtu huyo zeze linaloanza kwa mzee kukwaruza nyuzi na kusalimia "Mbukwenyi!" huku wenzake wakijibu, anaruka kwenda wimbo unaofuata kabla salamu haijaisha.

Na kuruka huko kuna gharama. Kwenye Spotify wimbo unahesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Wimbo wa kwanza wa mzee una utangulizi wa sekunde 40 hivi kabla kuimba hakujaanza. Kwa hiyo wengi wa walioletwa na tagi ile, yaani lile neno la aina ya muziki, hawakuacha hata alama moja ya usikilizaji. Kubwa zaidi, mifumo ya kupendekeza nyimbo hujifunza kwa tabia za watu: nani amemaliza wimbo, nani ameuhifadhi, nani ameruka, na wanaoupenda wimbo huu wanapenda nini kingine. Wimbo ukipelekwa kwa watu wasio wake, ushahidi unaokusanyika ni kwamba haupendwi, na mashine haina namna ya kujua kwamba tatizo lilikuwa mlango ulioingilia. Mzee alikuwa akihukumiwa na baraza lisilo lake.

Rafu zilikopangwa

Kabla hatujarekebisha, nilitaka kijana aelewe kwamba orodha anayoiona kwenye fomu haikushuka kutoka mbinguni. Ilipangwa na watu, kwa haja zao, mbali na hapa.

Mwaka 1996 mafaili ya MP3 yaliongezewa mkia mdogo wa taarifa unaoitwa ID3. Mkia huo una baiti 128 tu: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja, moja tu, ya aina ya muziki. Baiti moja haibebi neno, inabeba namba. Orodha ya mwanzo ilikuwa na aina 80. Bluzi ni namba 0, rege ni 16, injili ni 38. Mna hadi kelele, namba 39. Taarabu hamna. Rumba ya Kongo hamna, dansi letu hamna. Muziki wa mzee wa Chamwino ungetafutiwa nafasi namba 48, "Ethnic", pamoja na kila kabila la dunia ambalo mwandika orodha hakulifahamu. Orodha ile ilikuja kuongezwa, na toleo la pili la ID3 la mwaka 1998 likaruhusu kuandika neno lako mwenyewe, lakini tabia ya orodha fupi imebaki kwenye fomu nyingi hadi leo.

Dukani nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za muziki walikutana London, kwenye baa, wakatafuta jina moja la kuandika juu ya rafu ambazo wauza duka walishindwa kujua waweke wapi kanda za Afrika, Asia na kwingineko. Wakakubaliana juu ya "World Music". Lilikuwa neno la kupanga duka. Hata hivyo lilifanya kazi: marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa kijiji cha Doduma, alisikika duniani akiwa kwenye rafu hiyo, na albamu yake Chibite ilitolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996. Miaka mingi baadaye neno lilianza kuwakera wengi, na mwaka 2020 tuzo za Grammy zikabadili jina la kipengele hicho kuwa "Global Music". Rafu ni ileile.

Mimi siioni rafu hiyo kama tusi linalotosha kukataa kuitumia. Fomu inapokulazimisha kuchagua kimoja kati ya ishirini, chagua kilicho karibu na ukweli, kisha jina lako halisi liandike mahali pengine panaporuhusu. Lakini ninaloliamini kwa moyo wote ni hili la pili: jina lako halisi liandike. Singeli isingejulikana nje kama singeli kama vijana wa Dar es Salaam wangeendelea kujificha chini ya neno "Electronic". Mwaka 2017 kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo wa singeli na kuuita singeli, na neno likasafiri pamoja na muziki. Leo mtu wa Ulaya akiandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, anajua anachokitaka.

Gogo, kigogo, go-go

Kijana aliposhika hilo akaruka mara moja: "Basi tuandike 'gogo' kila mahali, kaka." Tukalijaribu palepale kwenye simu, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa tamu.

Andika "gogo" kwenye jukwaa la muziki, na unaangukia Washington. Kuna muziki wa huko unaoitwa go-go, fanki yenye ngoma zisizokatika kati ya wimbo na wimbo, na mwaka 2020 mji huo uliutangaza rasmi kuwa muziki wake. Ukishuka chini kidogo, unakutana na nyimbo za Afrika Kusini, maana kwa Kizulu gogo ni bibi. Kwa Kiswahili chetu gogo ni kipande cha mti. Tukajaribu "kigogo". Tukapata habari za siasa, kwa sababu kigogo kwa Mswahili ni mkubwa mwenye cheo, halafu kuna Kigogo ya Dar es Salaam. Tukajaribu "zeze" peke yake. Juu kabisa ukaja wimbo wa rapu wa Marekani wa mwaka 2018 wenye jina hilohilo, usio na uhusiano wowote na kibuyu na nyuzi.

Ilimba nayo ina mtihani wake. Sisi Watanzania wengi tukiona kile kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba tunasema marimba. Lakini mtu wa nje akiandika "marimba" anatafuta ala kubwa ya mbao inayopigwa kwa vijiti, ya kwenye okestra na bendi za shule. Ukitumia tagi hiyo peke yake umemletea mzee wanafunzi wa okestra. Duniani ala za namna ya ilimba zinatafutwa zaidi kwa neno "kalimba", jina lililosambazwa tangu miaka ya 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyetembea Afrika akirekodi muziki na baadaye akaanza kutengeneza na kuuza ala hiyo kutoka Afrika Kusini.

Je, tutumie "kalimba"? Tulibishana hapa karibu saa nzima. Kijana alisema ndiyo, mara moja. Mzee alisema yeye hajui kalimba, yeye ana ilimba, baba yake alikuwa na ilimba. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni, kwamba jina la wimbo na maelezo yake yaseme ilimba, na tagi moja kati ya kadhaa iseme kalimba. Ala hizo ni ndugu wa damu. Anayependa kalimba akimsikia mzee hatasema amedanganywa, atasema kumbe kuna hii pia. Hicho ndicho kipimo nilichompa kijana akitumie kila akitaka kuongeza neno: mtu aliyeletwa na neno hili, akisikia sekunde 20 za mwanzo, atajiona amefika au amepotea?

Mzee alikubali baada ya kuuliza kama jina lake mwenyewe la ala litabaki mbele. Nikamwambia litabaki.

Tukapata maneno yetu. "Wagogo" linafanya kazi safi, halina mwenzake duniani. "Cigogo" ndivyo Wagogo wenyewe wanavyoandika lugha yao, kwa c, lakini Mswahili anayesikia tu ataandika "Chigogo", kwa hiyo yote mawili yakaingia. "Zeze" likaruhusiwa likiwa limeshikana na "wagogo". "Ilimba", "nindo", "muheme", kila moja kwa wimbo unaohusika tu. Na "Dodoma", kwa sababu kuna watu wengi waliozaliwa hapa wakaishia Mwanza, Arusha, Nairobi au ng'ambo, ambao wakikumbuka nyumbani huandika jina la mahali.

Kikao cha majina

Jumapili baada ya ibada tulikaa na kikundi kizima, watu kumi na mmoja, spika ndogo katikati. Nilicheza kila wimbo, na kabla ya kuandika chochote nikauliza: hii mnaiitaje?

Ningependa kila prodyuza afanye kikao hiki japo mara moja katika maisha yake. Wimbo ambao mimi kwenye faili langu nilikuwa nimeuita "Zeze 2" ulikuwa na jina, una aina yake, una majira unapoimbwa, na una mtu aliyeuleta kijijini. Kwenye ule wa ilimba peke yake, mzee alisimamisha spika akaniuliza kwa nini umekuwa msafi hivyo. Sikuelewa. Akachukua ilimba akanionyesha matundu madogo kwenye ubao wake, yamefunikwa kwa utando wa buibui, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukigusa kijiti cha chuma, utando ule unatetemeka na kutoa mvumo unaoizunguka noti. Mimi studioni nilidhani ni mkwaruzo wa maiki, nikauchuja. Nilikuwa nimemwondolea mzee nusu ya sauti yake. Wimbo huo nilirudi kuuchanganya upya usiku uleule.

Na jambo hilo linahusu tagi moja kwa moja. Mtafutaji wa muziki huu, awe mwalimu wa muziki, mpiga ala kama hiyo kutoka Zimbabwe, au Mgogo aliyelala na njaa ya nyumbani, anautambua kwa mvumo ule. Tagi inamfikisha mlangoni. Akikuta ndani kumesafishwa, ataondoka kama yule wa amapiano.

Baada ya kikao, kila wimbo ukapata makao yake. Kitufe cha kunakili kwa wote tulikiacha. Nyimbo mbili za zeze na ilimba, ule wa ilimba peke yake na nindo vilienda kwenye "World", kwa sababu ndicho kilichokuwepo kwenye fomu kilicho karibu, na aina ya pili "Folk". Muheme tuliuweka kando, nitaueleza. Wimbo wa kanisani ukaenda kwenye injili, na hapo mwanakwaya mmoja alitabasamu akasema, "Sasa mama mchungaji ataupata." Ni kweli kabisa: Dodoma ni mji wa kwaya, na anayetafuta injili ya Kigogo hatafungua rafu ya ngoma za asili.

Wa mjukuu tukauhamishia hip hop. Kijana alidhani nitaupeleka na huo "World", akawa ameshakunja uso. Nikamwambia huu ndio wimbo pekee uliokuwa karibu na ulipowekwa. Anachana, mapigo ni ya kuchana, anayependa rapu ya Kiswahili atakaa hadi mwisho na atakutana na zeze humo ndani bila kulazimishwa. Tuliongeza "zeze" kwenye tagi zake. Huenda huo ukawa daraja kuliko nyimbo zote.

Lugha nayo tuliibadilisha. Wengi wanakipita kisanduku hicho. Kigogo kina msimbo wake wa kimataifa wa herufi tatu, gog, lakini orodha ya msambazaji wetu haikuwa nacho. Ilikuwa na Kiswahili, Kizulu, Kiyoruba na lugha za Ulaya. Kwa hiyo kwa nyimbo tano zinazoimbwa kwa Kigogo tuliiandika lugha kwenye maelezo ya wimbo kila jukwaa lilipotupa nafasi, na tukawaandikia wasambazaji kuomba iongezwe. Nashauri kila kikundi kiandike ombi hilo. Lugha moja ikiombwa na vikundi kumi, inakuwa vigumu kuipuuza.

Kurekebisha bila kuvunja

Kijana alitaka kufuta kila kitu na kuanza upya. Nilimzuia. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, herufi na tarakimu 12, na hesabu za usikilizaji huifuata namba hiyo. Kwa wasambazaji wengi aina ya muziki inaweza kubadilishwa ndani ya akaunti bila kuuondoa wimbo, kisha unasubiri siku kadhaa majukwaa yasome mabadiliko. Tulifanya hivyo kwa nyimbo tano. Ule wa ilimba, kwa kuwa sauti yenyewe ilibadilika, tuliutoa kama rekodi mpya yenye namba mpya, maana ndivyo inavyotakiwa.

Kila jukwaa lina mlango wake, na si kila mahali tagi ina nguvu sawa. YouTube wenyewe wanasema tagi zile za ndani, unazojaza kwenye kisanduku chake, zina mchango mdogo sana katika kumfikisha mtu kwenye video, na kwamba zinasaidia hasa pale neno linapoandikwa kwa makosa. Kwetu hiyo ni habari njema, kwa sababu ndipo tulipoweka "Chigogo", "Kigogo", "limba" na "malimba". Kilicho na uzito huko ni jina la video na mistari ya kwanza ya maelezo. Alama za reli (#) nazo zisizidi kiasi: ukiweka zaidi ya 60 kwenye video moja, YouTube inazipuuza zote. Sisi tuliweka tatu.

SoundCloud inakuruhusu kuandika aina yako mwenyewe badala ya kuchagua kwenye orodha, na hapo, kwa furaha ya mzee, aina kuu ikaandikwa "Wagogo". Bandcamp inakupa aina moja kuu, kisha tagi huru, kisha mahali ulipo, na watu wa huko hutafuta kwa mahali, kwa hiyo "Dodoma" iko pale peke yake kama bendera. Spotify hairuhusu msanii kujiandikia tagi namna hiyo, lakini kabla wimbo haujatoka kuna fomu ya kuwapelekea wahariri wa orodha zao, ambamo unaeleza aina, ala na utamaduni wa wimbo. Wimbo uliokwisha kutoka haupelekwi, na wenyewe wanataka uwasilishe angalau siku 7 kabla. Nyimbo zetu sita zilikuwa zimeshaikosa nafasi hiyo. Rekodi mpya ya ilimba haikuikosa.

Kuna mlango mmoja ambao wataalamu wa mambo haya hawautaji, nao hapa kwetu ni mkubwa. Watu wengi bado wanapata nyimbo kwenye vibanda, wanaingiziwa kwenye memori kadi au flashi, kisha zinapigwa kwenye redio ya bodaboda au ya daladala la Buigiri. Faili linasafiri peke yake, bila akaunti, bila ukurasa, na linachobeba ni ule mkia wa ID3 tu. Nilipofungua mafaili niliyompa kijana, aina ya muziki ilikuwa "Other", namba 12, kwa sababu programu yangu ndivyo inavyojaza usipoigusa, na jina la msanii lilikuwa jina la studio yangu. Yaani wimbo wa mzee ulikuwa unazunguka Dodoma ukiwa na jina langu. Niliandika upya mafaili yote saba kwa mkono mmojammoja, nikampelekea mwenye kibanda wa Majengo nakala mpya, nikamwomba afute za zamani.

Walichokuja kuuliza

Maoni yalipungua kwanza. Wale wa "biti iko wapi" hawakuja tena. Kisha yakaanza kuja mengine, machache, lakini ya watu waliosikiliza. Mmoja aliuliza nyuzi za zeze zinafungwaje kwenye shingo yake. Mwingine anatengeneza ala za vidole, akataka kujua ubao wa ilimba ni wa mti gani. Mama mmoja aliandika kwa Kigogo, mistari mirefu, na mjukuu hakuweza kuisoma yote. Akampa babu yake simu. Mzee alimwambia amsomee kwa sauti hata kama anakosea, akawa anamrekebisha neno kwa neno, na alipomaliza alijua mama yule ni wa ukoo gani.

Umebaki muheme. Ngoma hiyo ni ya akina mama, wanazibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, na asili yake inashikana na kuwafunda mabinti. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeandika tagi "unyago", kwa sababu ni neno ambalo Waswahili wote wanalijua na wengi wanalitafuta. Kiongozi wao alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Baba, hapa tumepiga ya kupokea wageni. Ya ndani hatujaipiga na hatutaipiga kwenye mashine. Ukiandika hivyo, atakuja mtu kutafuta ya ndani, asiipate, au afikiri ndiyo hii." Nikafuta neno hilo mbele yake. Kipimo nilichomfundisha kijana, yeye alikuwa nacho kabla yangu.

Halafu akaniuliza kwa nini wimbo wao umetokea chini ya jina la mzee, wakati mzee hakuugusa. Hakuna tagi inayoziba hilo. Tuliutoa kwenye akaunti ya mzee, kwa ridhaa yake, na tukaanza kufungua ukurasa wa akina mama wenyewe. Jumamosi walikuja Chang'ombe kupiga picha ya kava, ngoma nne zimefungwa kwa khanga, wakashuka kwenye daladala wakiwa wanaimba. Nilifungua daftari niandike jina la kikundi chao. Kiongozi aliichukua kalamu mkononi mwangu akaliandika mwenyewe, polepole, kwa c, bila h.